Masega Kumi kwa Gari Moja

Gari lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa linapanda kutoka bondeni kuelekea sokoni Tukuyu, linakohoa, linanyamaza kidogo, halafu linakohoa tena. Madereva wa teksi waliojikunyata kibandani kukwepa manyunyu walicheka. Ambindwile hakucheka. Alikunja mwavuli, akatia peremende mdomoni ili pumzi iwe ya kiungwana, akaenda kusimama katikati ya barabara na kuinua mkono kama trafiki.

"Zima injini, mzee wangu," alimwambia dereva. "Zima upesi. Hili gari linakata roho na wewe umo ndani."

Dereva alikuwa Mzee Hosea, mwenye duka la misumari na mabati, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Alizima. Mbele yake palisimama kijana wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, na shingoni amening'iniza kile kipimo cha madaktari cha kusikilizia moyo. Kipimo kilitoka kwenye mitumba Kariakoo. Koti lilikuwa la kuazima.

Ambindwile alitandika gunia kwenye tope, akapiga magoti nyuma ya gari, akabandika kipimo kwenye bomba la ekzosi na kufumba macho kwa muda unaotosha mtu kusali Baba Yetu.

"Masega," alisema alipoinuka.

"Masega gani?"

"Chini ya gari lako, katikati ya bomba la moshi, kuna kopo. Ndani ya kopo kuna masega. Wajapani waliyaweka kwa ajili ya kwao, kwenye barabara zilizonyooka kama rula. Huku kwetu gari linapanda asubuhi, linapanda mchana, jioni linashuka kwenye ukungu. Masega yanakunywa ukungu, yanavimba, moshi unakosa njia. Unamjua mtu aliyefunga choo siku nne?"

"Namjua," alisema Mzee Hosea, kwa sauti ya mtu anayemjua kwa karibu sana.

"Basi ndiyo hali ya mgonjwa wetu. Mimi nayatoa hayo, naweka bomba la milimani. Moshi unapita wazi, mafuta unayatumia nusu."

Neno "nusu" lilimwingia Mzee Hosea kama chai ya moto asubuhi ya Julai. Akauliza bei. Ambindwile angeweza kufanya kazi ile bure na bado akapata faida kubwa, ila alijua kwamba ukimpa mtu wa Tukuyu kitu cha bure atakizunguka mara tatu akitafuta kilipooza wapi. Kwa hiyo akataja elfu arobaini. Mzee Hosea akashika kifua. Wakavutana robo saa nzima, wakafika elfu kumi na tano pamoja na soda, na soda ilikuwa ya Mzee Hosea. Alipoondoka alikuwa anaona amemwibia kijana wa watu. Gari lilipanda kilima bila kukohoa hata mara moja, maana tatizo lake lilikuwa plagi moja chafu, na Ambindwile aliifuta kwa kitambaa wakati mzee anakunywa soda.

Inafaa nieleze kidogo, ili msomaji asije akauziwa bomba naye. Siku hizo soko huria lilikuwa limekomaa. Mlango ulifunguliwa na kila kitu kikaingia: mitumba, simu za mkononi, na magari ya Kijapani yaliyochoka, yakishushwa bandarini kwa mamia. Mwalimu akawa na gari. Mkulima wa chai akawa na gari. Mchungaji mmoja wa Lufingo alinunua lake na redio yake ikagoma kushika stesheni yoyote ya nchi hii. Wenye magari hawakujua kama kuna masega humo chini. Mafundi wengi walijua yapo, kwamba kazi yake ni kusafisha moshi, lakini hawakujua yana thamani gani. Simon wa Mbeya alijua. Ndani ya yale masega kuna vumbi la madini ghali, na kuna watu Dar es Salaam walioyanunua na kuyapeleka nje. Simon aliyakusanya kimya kimya kwenye yadi yake pale Mwanjelwa, akijifanya anauza vyuma chakavu.

Ni Simon aliyempa Ambindwile koti, mtaji wa maneno matamu na gari la kuringia: Mark II nyeupe, viti vya mahameli, ikitoa harufu ya mambo mapya ingawa si mpya.

"Niletee masega kumi kabla ya Jumamosi jioni," Simon alimwambia. "Mazima. Ukileta kumi, hili gari nabadilisha kadi, naandika jina lako. Ukileta tisa, unanipa funguo zangu na hatujuani."

Ambindwile alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka minane na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Jumapili alipofika nyumbani Lufingo na ile Mark II, mama yake alitoka jikoni anapangusa mikono, akauliza ni ya nani. Akajibu, "Yangu, mama." Mama akaweka kiganja juu ya boneti yenye joto, akakiacha pale, machozi yakamtoka. Ambindwile amedanganya watu wengi maishani na wote amewasahau. Huo uongo mmoja ulimuuma. Alitaka kuwa mkweli kufikia Jumamosi, na ukweli wake ulikuwa na bei ya masega kumi.

Kazi ilienda vizuri kuliko alivyotegemea, kwa sababu Mzee Hosea alikuwa haachi kujisifu jinsi alivyompunja yule injinia wa ekzosi. Watu wakaja wenyewe. Kila mmoja alitaka kupunguziwa zaidi ya Hosea, na kila mmoja alipunguziwa. Ambindwile alikuwa na mabomba tayari, ameyakata kutoka kwenye vyuma vya vitanda vikuukuu vilivyopakwa rangi ya bluu, akayachomelea vishikio pande zote mbili. Aliyaita toleo la nyanda za juu. Hadi Jumatano jioni alikuwa na masega manane kwenye buti, kila moja kwenye gunia lake, na fedha za wateja zimejaa mfuko wa ndani wa koti hadi kifua kimevimba upande mmoja.

Alhamisi akaja Mama Esnath kutoka Nkunga.

Alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mabuti ya mpira miguuni, kitenge kiunoni, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye jua. Carina yake aliinunua kwa fedha za chai, na iliendeshwa na Ndimyake, mtoto wa dada yake, fundi mwenye gereji ndogo yenye shimo nyuma ya soko. Mama huyo alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mmoja pale kijiweni alimwambia Ambindwile kwamba kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mizani kwenye banda la kupokelea majani ya chai, miaka ishirini na miwili. Ambindwile alilisikia hilo kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa linasikiliza Kiswahili cha mama, na lilikuwa linafurahi.

"Shikamoo mama."

"Malahaba, mwanangu. Na mimi gali langu linakula mafuta fijo. Nisaidie."

Wakaingiza gari gerejini kwa Ndimyake. Ambindwile akavua koti, akaingia shimoni. Ndimyake alichuchumaa pembeni bila neno, akimpa kila spana kabla hajaiomba, jambo ambalo Ambindwile alilichukulia kuwa heshima. Nati nne, gasketi mbili, kopo likaachia. Akalipangusa, akalifunga kwenye gunia kavu, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye Mark II na kulishusha taratibu kwenye buti. Mama Esnath alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma.

"Hiyo takataka unaitupa wapi, mwanangu?"

"Mbali sana, mama. Ni sumu. Ikikaa karibu na migomba, migomba inakauka."

"Ndaga fijo, asante sana, kwa kutubebea sumu," alisema Mama Esnath, akalipa bila kuomba apunguziwe hata shilingi. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu mwenye akili zake, lakini Ambindwile alikuwa anahesabu. Tisa. Limebaki moja.

Na hilo moja likagoma. Ijumaa alizunguka mji mzima na kipimo chake shingoni. Magari ya ofisini yalikuwa ya dizeli, hayana masega. Pikapu za ndizi nazo dizeli. Gari moja la petroli aliloliona lilikuwa la polisi, na Ambindwile alilipisha kwa adabu. Ilipofika saa kumi jioni alikuwa amekaa ndani ya Mark II, anapapasa usukani, moyo umemshuka hadi kwenye soksi. Angemwambia nini mama yake? Kwamba gari limerudi kwa wenyewe?

Simu ikalia.

"Injinia? Ni Mama Esnath wa Nkunga. Wewe unaokota zile sumu peke yake za kwenye magali ya Tukuyu, au na za huku kwetu?"

Ambindwile akakaa wima. "Popote zilipo, mama. Ni wito."

"Basi kesho njoo ule chakula cha mchana. Kuna moja utaiona."

Jumamosi mvua ilikuwa inanyesha ile mvua ya Rungwe isiyo na haraka. Mark II ilishuka njia ya Nkunga ikiteleza kati ya migomba, tope limeruka hadi kwenye vioo. Nyumba ya Mama Esnath ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati jipya. Mwenyewe alimpokea mlangoni, na nyuma yake alisimama mkwe wake, Happyness, ameshika beseni.

"Kalibu ndani. Vua viatu, vina tope. Happyness atavisafisha."

"Aa, mama, msijisumbue."

"Mgeni wangu hatoki hapa na tope la kwangu. Wala viatu, wala gali." Akanyoosha kiganja. "Lete na funguo. Ndimyake alisogeze pale kwenye banda, alioshe, na mkungu wa ndizi niliokuwekea auweke nyuma."

Hapo Ambindwile alisita. Nyuma kulikuwa na magunia tisa. Lakini angesema nini? Alishawaambia watu wote wa Tukuyu kwamba yale ni takataka, na mtu hafungii takataka kwa ufunguo. Alitazama kile kiganja cha mzee wa kanisa kilichokunjuka mbele yake, akafikiria pia itakavyoonekana mgeni kukataa zawadi ya ndizi katika nyumba ya Kinyakyusa. Akatoa funguo. Happyness akaondoka na viatu. Ambindwile akabaki na soksi, moja ina tundu, akakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kudarizi na kukunja kidole kilichochungulia.

Aliyealikwa kuombea chakula alikuwa Mzee Andongwisye, jirani, mwenye sauti nzito na kumbukumbu ndefu. Aliombea chakula. Aliombea mikono iliyokipika. Aliombea chai ipate bei, akaombea mvua iendelee lakini isizidi, akawaombea wagonjwa wa Nkunga mmoja mmoja kwa majina na magonjwa yao, kisha akahamia kwa wasafiri. Mvua ilipiga bati. Katikati ya wasafiri, Ambindwile alisikia kama chuma kimegonga chuma huko nje, akafumbua jicho moja. Jicho la Mama Esnath lilikuwa limeshafumbuka, linamtazama.

"Ni Ndimyake," alinong'ona mama. "Yuko na kazi zake. Funga macho."

Chakula chenyewe kilikuwa ndizi zilizopikwa na nyama, maharage, na maziwa ya mgando mazito ya kukatwa kwa kijiko. Ambindwile alikula harakaharaka aondoke, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu sahani ikionekana tupu Mama Esnath anaijaza. Akala ya pili. Alipoanza ya tatu akagundua kwamba njia pekee ya kumaliza ni kula polepole, na hivyo saa nzima ikapita, na nyingine ikaanza. Viatu vilikuwa havijarudi.

"Mama, ile sumu," alisema mwishowe, akipumua kwa shida.

Mama Esnath akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kikapu cha kuchumia chai. Ndani yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa majani ya mgomba. Ambindwile akafungua, na moyo ukamruka. Sega lilikuwa kubwa, kubwa kuliko yote tisa, limejaa masizi na tope kwa nje, lakini alipomulika ndani kwa tochi aliona vitundu vimesimama safu kwa safu bila hata ufa mmoja. Simon angelibusu.

"Lina joto," alisema.

"Lilikuwa jikoni, pembeni ya moto."

"Ni la gari gani?"

"La gali jeupe la mgeni mmoja. Mwenyewe wala hajui kama limetoka."

Ambindwile alicheka kwa moyo wote. "Wageni wengine, mama."

"Ndiyo hivyo," alisema Mama Esnath bila kucheka.

Akakumbuka kazi, akakunja uso. "Limechoka, lakini. Nitakupa elfu tano, kwa ajili ya usumbufu."

"Basi liache. Migomba itakauka, tutavumilia."

"Elfu ishirini."

"Kuna mtu mwingine Mbeya, Ndimyake ameniambia, anayanunua haya. Sijui jina lake. Simoni, sijui."

Ambindwile alitazama saa ya ukutani: saa tisa na nusu. Akaiona kadi ya gari ikiandikwa jina lake, na kiganja cha mama yake juu ya boneti. "Mama unataka ngapi?"

"Wale watu wa Tukuyu walikupa ngapi wote kwa pamoja?"

Ni swali la ajabu, lakini alilijibu kwa kutoa kile kilichokuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, noti zote zilizokunjwakunjwa za Hosea na za mwalimu na za mchungaji, akaziweka mezani. Kifua chake kikarudi usawa. Mama Esnath akazitazama, akatikisa kichwa.

"Na hicho kidude cha shingoni. Mkunga wetu wa zahanati chake kimekufa."

Kipimo kikaongezwa juu. Wakashikana mikono. Kama kwa uchawi, Happyness akaingia na viatu, vimeoshwa, vimekaushwa, vimepakwa rangi hadi unaweza kujitazama.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Mark II iling'aa. Ndimyake alikuwa anapangusa kioo cha mwisho, tope hadi kwenye nywele. "Umejitesa sana, fundi," Ambindwile alimwambia. Ndimyake akasema ni kazi tu. Kwenye buti, juu ya magunia, kulikuwa na mkungu wa ndizi wa kubebwa na wanaume wawili. Ambindwile, ambaye hakuwa mjinga, alihesabu magunia: tisa. Akaingiza mkono na kuinua moja, akaonja uzito. Uzito ule ule. Akafunga buti, akawaaga kwa Kinyakyusa chake cha kutosha tu, akaondoka. Sega la kumi lilisafiri kwenye kiti cha mbele, ndani ya kikapu.

Hakuwahi kuendesha kwa raha namna ile. Alishika lami kuelekea Mbeya, na kwenye mlima wa Isongole ile Mark II ilipanda kwa wepesi ambao hakuwahi kuuona, ikitoa sauti mpya, nzito kidogo, ya kiume. Akajiambia gari limejua limepata mwenyewe. Akaanza kuimba. Alipofika Uyole alikuwa ameshachagua rangi ya vitambaa vya viti, na siku ya kumpeleka mama yake kanisani, na mahali atakapoegesha ili waumini wote walione wakitoka.

Simon alikuwa anamngoja yadini, suruali nyeupe, kadi ya gari mfukoni mwa shati, kona yake imechomoza. Ambindwile aliiona hiyo kona kabla hajazima injini.

"Kumi?" Simon aliuliza.

"Kumi, bosi. Na ndizi juu."

Wakashusha mkungu. Wakapanga magunia tisa kwenye meza ya bati. Simon akafungua la kwanza. Ndani mlikuwa na jiwe.

Lilikuwa jiwe zuri, jeusi, lenye vitundu, kama yalivyo mawe yote yaliyotapikwa na mlima Rungwe zamani, limefungwa vizuri kwa jani la mgomba. Simon alilitazama. Akafungua la pili, jiwe. Ambindwile akafungua la tatu mwenyewe, kisha la nne, na kuanzia la tano hakufungua tena, alipapasa tu kwa nje. Yote tisa.

"Bosi, nimeibiwa," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ya kweli tupu. "Lakini moja ninalo. Moja ni zima kabisa, nimelinunua kwa fedha zangu zote. Tazama."

Akakimbia kwenye kiti cha mbele, akarudi na kikapu. Simon akalipokea lile sega, akaligeuzageuza, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Halafu akachukua kitambaa na kufuta tope pembeni mwa kopo, polepole, hadi vikaonekana vitundu vitatu vilivyopigwa kwa msumari, vimepangwa pembe tatu. Simon aliwajua wezi vizuri kwa kuwa aliwaajiri. Kila gari lake lilipotoka bandarini, kabla hata ya namba za usajili, alilala chini yake na kulitia sega lake alama.

"Hili umelinunua?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa fedha zako zote."

"Na kipimo."

Simon alipiga magoti kwenye mafuta machafu ya yadi na ile suruali yake nyeupe, akainamisha kichwa chini ya Mark II. Ambindwile naye akainama upande wa pili. Pale katikati ya bomba la moshi, penye sehemu ya kopo, palikuwa na kipande cha chuma cha kitanda, rangi ya bluu, kimefungwa nati nne kwa ustadi. Ambindwile aliufahamu ule mchomeleo. Ulikuwa wake. Ni lile bomba aliloliweka Alhamisi kwenye Carina ya Mama Esnath, toleo la nyanda za juu.

Walibaki wameinama hivyo, wanatazamana chini ya gari, na simu ya Ambindwile ikaita. Aliipokea akiwa bado amepiga magoti.

"Umefika salama, mwanangu?" Sauti ilikuwa kubwa, ya mtu asiyeamini simu. Simon alisikia kila neno. "Gali linapanda mlima?"

"Linapanda, mama," alijibu Ambindwile. Sijui kwa nini alijibu. Nadhani ni malezi.

"Na mafuta ni nusu?"

Ambindwile akalitazama lile bomba la bluu.

"Nakueleza ili usilale unajiuliza. Nilikaa kwenye mizani miaka ishilini na miwili. Wachumaji walikuwa wanatia jiwe katikati ya majani, kikapu kiwe kizito. Mimi sikuwa nafukua kila kikapu, ningekesha. Nilikuwa natazama mtu anavyokiweka chini. Mwenye majani matupu anakitupa tu. Mwenye jiwe anakishusha polepole, mikono miwili, jiwe lisigonge. Wewe ile takataka ya gali langu uliishusha kama unalaza mtoto. Nikamtuma Ndimyake Mbeya kuuliza."

"Mama…"

"Langu limeshaludi kwenye gali. Ya wale wanane yapo kwa Ndimyake, Jumatatu anawafungia, na kila mtu atapewa fedha yake niliyoichukua kwako. Na yale mawe tuliyapima moja moja, kila jiwe na sega lake. Nisingeweza kukupunja uzito." Akavuta pumzi. "Nyumba ya mama yako Lufingo naijua. Jumapili nitapita kumsalimu. Sitamwambia kitu. Utamwambia wewe."

Simu ikakatika. Ambindwile alihisi hilo la mwisho likimchoma kuliko mawe yote tisa. Alifikiria kile kiganja juu ya boneti, akatamani ardhi ya Mwanjelwa ipasuke kidogo, imtoshe yeye tu.

Simon alisimama, akajipangusa magoti, akasukuma ile kona ya kadi ndani kabisa ya mfuko wa shati. "Funguo," alisema.

Ambindwile akampa.

"Koti."

Akalivua.

"Na huu mkungu uondoe hapa. Sitaki kitu chochote cha huyo mama kwenye yadi yangu."

Na ndivyo Ambindwile alivyojikuta nje ya geti jioni ile, shati mwilini, mkungu wa ndizi begani, na viatu vinavyong'aa kuliko vya mtu yeyote katika barabara nzima. Alitembea hatua hamsini, akapumzika, akatembea nyingine ishirini. Nauli ya kurudi Lufingo hakuwa nayo. Maneno ya kumwambia mama yake pia hakuwa nayo, ingawa alianza kuyatafuta, na yale ya kwanza aliyoyapata, kwa mshangao wake, yalikuwa ya kweli.

Mama mmoja mwenye kapu la sokoni alisimama, akautazama mkungu.

"Kaka, hizo ndizi unauza?"

Ambindwile akamtazama. Kapu tupu, pochi imeshikwa vizuri, macho ya mtu anayependa kupunguziwa. Uchovu ukamtoka. Aliushusha mkungu begani, akauweka chini polepole, kwa mikono miwili.

"Hizi si ndizi za kawaida, dada," alianza.

Yule mama hakuwa anazitazama ndizi tena. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Kwetu ni Nkunga," alisema, akapita.